Maswali na Majibu: Kamba ya kuhani, daftari la Diwali na sifuri ya hekaluni

Katika safu iliyopita nilisema kwa kupitia tu kwamba tarakimu tunazoandikia bei sokoni zilizaliwa India, na kwamba huko hesabu na ibada zililelewa nyumba moja. Sentensi hiyo imeniletea barua nyingi kuliko makala yenyewe. Nimechagua hizi. Nilizozifupisha ni zile ambazo salamu zilikuwa ndefu kuliko swali.

Nafundisha hisabati sekondari, Morogoro. Mwanafunzi wangu anadai kanuni ya Pythagoras imo katika vitabu vya dini vya Wahindu, tena vya kale kuliko Pythagoras mwenyewe. Nimjibu nini?

Mwambie hakukosea, kisha umuulize yeye: kitabu cha dini kinahangaika na pembe mraba kwa nini? Utamu uko hapo.

Vitabu hivyo ni Sulbasutra, vilivyotungwa takriban kati ya mwaka 800 na 200 kabla ya Kristo. Vinne ndivyo vinavyotajwa zaidi, navyo hubeba majina ya watunzi wake: Baudhayana, Manava, Apastamba na Katyayana. Baudhayana ndiye huhesabiwa wa kwanza, na kwa kawaida wataalamu humweka kabla ya Pythagoras. Ni miongozo ya kujenga madhabahu za moto za ibada ya Veda, maandiko matakatifu ya kale ya Wahindu. Vifaa ni kamba na vigingi, basi. Mwenye kutoa sadaka alitakiwa awe na mioto mitatu: mmoja kwenye duara, mmoja kwenye mraba na mmoja kwenye nusu duara, na maeneo ya yote matatu yalingane. Ukishapewa sharti kama hilo huna pa kukimbilia. Lazima utafute njia ya kugeuza mraba kuwa duara lenye eneo lilelile, au walau ulikaribie jibu kadiri mkono unavyoruhusu.

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa madhabahu ya kipanga. Anayeitaka mbingu, yanasema maandiko, ajenge madhabahu yenye umbo la ndege huyo aliyetandaza mabawa. Ina matabaka matano, kila tabaka matofali 200, jumla 1,000, na maungio ya tabaka moja yasiangukie juu ya maungio ya tabaka la chini yake. Eneo lake ni miraba saba na nusu, na upande wa mraba mmoja ni kimo cha mwenye sadaka akiwa ameinua mikono juu. Akiirudia ibada, eneo liongezwe mraba mmoja lakini umbo lisibadilike: nane na nusu, tisa na nusu, mpaka 101 na nusu. Wape wanafunzi wako zoezi hilo, wamkuze kipanga bila kumvuruga mabawa, uone watakavyotoka jasho.

Humo ndimo ilimo kanuni yenu. Baudhayana anasema kamba inayokatiza mstatili kutoka kona hadi kona huzaa eneo sawa na jumla ya maeneo yanayozaliwa na urefu na upana kila kimoja peke yake. Anataja na mifano: 3 na 4, 5 na 12, 8 na 15, 7 na 24, 12 na 35. Fundi wetu anayepima kona ya msingi kwa 3, 4, 5 angeelewana na kuhani yule bila mkalimani.

Wanafunzi wako wa kidato cha pili waonyeshe pia hiki. Kipeo cha pili cha 2 kimeelezwa hivi: chukua 1, ongeza theluthi, ongeza robo ya theluthi hiyo, kisha punguza sehemu moja ya 34 ya hiyo robo. Unapata 577/408, yaani karibu 1.414216. Kosa linaanzia desimali ya sita. Kwa kamba na vigingi!

Na ibada yenyewe haijafa. Mwaka 1975 Wabrahmini wa Kinambudiri, watu wa tabaka la makuhani, waliifanya kijijini Panjal, jimbo la Kerala, kwa siku kumi na mbili, mtafiti Frits Staal akiirekodi kwa kamera.

Basi Pythagoras aliwaibia Wahindi? (Msomaji, Mwanza)

Hakuna ushahidi wa hilo. Na kama ni kugombea nani wa kwanza, Wababeli wanawapita wote wawili: kibao cha udongo kinachoitwa Plimpton 322, cha takriban mwaka 1800 kabla ya Kristo, kimejaa namba za aina hiyohiyo. Ubishi huu mimi huwa naukimbia.

Nilifanya kazi kwa tajiri mmoja wa Kigujarati, Mombasa. Kila Diwali wanaweka madaftari mapya ya biashara mbele ya picha za miungu na kuyapaka unga mwekundu. Wanaabudu hesabu?

Wanaziombea baraka. Ibada hiyo huitwa Chopda Pujan, na chopda ndilo daftari la biashara. Kwa hesabu ya Kigujarati mwaka unaisha Diwali: vitabu vya zamani vinafungwa, vipya vinafunguliwa mbele ya Lakshmi, mungu wa kike wa neema na mali. Hapo huwapo pia Ganesh anayeombwa mwanzo mwema, na Saraswati wa elimu. Ukurasa wa kwanza huchorwa swastika kwa kumkum, huo unga mwekundu uliouona. Ni alama ya heri iliyokuwapo maelfu ya miaka kabla Wanazi hawajainajisi. Pembeni huandikwa Shubh na Labh, yaani heri na faida. Wengi huandika na neno Shri kwa mpangilio wa piramidi: mstari wa kwanza mara moja, wa pili mara mbili, wa tatu mara tatu, hivyohivyo kushuka chini.

Siku hizi utakuta kompyuta mpakato nayo imepakwa kumkum. Sioni cha kucheka. Daftari lilikuwa karatasi, sasa limehamia kwenye kioo.

Kinachonivutia ni kwamba heri na faida zimeandikwa ukurasa mmoja bila aibu yoyote. Na nadhani, hili ni langu si la kuhani, kwamba kulileta daftari mbele ya mungu ni jambo la kutia woga. Lenye namba za uongo utaliombea baraka gani?

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, Unguja. Nimesoma mtandaoni kwamba sifuri iligunduliwa na watawa wa Kibudha waliokuwa wakitafakari utupu. Ni kweli?

Marahaba. Ni hadithi tamu, na inauzika kwa sababu Kisanskriti kinatumia neno moja, shunya, kwa utupu wa mtawa na kwa sifuri ya karani. Nagarjuna, mwanafalsafa wa Kibudha wa takriban karne ya 2, alifundisha kwamba hakuna kitu chenye kusimama chenyewe bila kutegemea vingine. Lakini hakuwa akijumlisha. Hatuna andiko linalomwonyesha mtawa akitoka kwenye tafakuri na alama ya sifuri mkononi.

Tulichonacho ni cha kidunia zaidi. Mwaka 628 mwanahisabati Brahmagupta aliandika kanuni za kuitumia sifuri kama namba kamili: ukiijumlisha, ukiitoa, ukiizidisha, inakuwaje. Lugha yake ni ya dukani. Namba chanya anaziita mali, hasi anaziita madeni. Deni ukilitoa kwenye sifuri linakuwa mali. Deni mara deni, mali. Huyo si mtu aliyefumba macho chini ya mti.

Ukitaka kuiona sifuri kwa macho, iko ukutani kwa hekalu dogo la Vishnu, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu, huko Gwalior, India, katika maandishi ya mwaka 876. Yanaeleza kiwanja kilichotolewa kwa hekalu kiwe bustani ya maua, dhiraa 187 kwa 270, na mashada 50 ya maua yatakayopelekwa kila siku. Sifuri mbili, ya 270 na ya 50, zimechongwa kama viduara vidogo, zinafanana na zetu kabisa. Kambodia lipo jiwe la zamani zaidi, la mwaka 683, ambako sifuri ni nukta. Kwa hiyo sifuri ya Gwalior imo ndani ya dini, ndiyo, ila imo kwenye hati ya shamba na hesabu ya maua.

Usiutupe utupu wote lakini. Mwaka 1150 hivi Bhaskara, yule wanayemwita wa pili, alifika kwenye 3 kugawanya kwa 0. Akasema jibu ni kiasi kisicho na ukomo, na kwamba hata ukikiongezea au kukipunguzia hakibadiliki, kama vile Vishnu asivyobadilika viumbe vinapotoka kwake wakati wa kuumba na kurudi kwake wakati wa kuangamia. Mtahini wa leo angemkata alama, maana kugawanya kwa sifuri tumekubaliana hakuna maana. Ila angalia mpangilio: hesabu imetangulia, imefika ukutani, ndipo Mungu akaitwa aeleze ukuta huo unafananaje. Mara nyingi mambo yalikwenda hivyo.

Mimi ni mtunzi wa mashairi, Pemba. Nimeambiwa hesabu nyingi za Wahindi zilitoka kwenye mashairi ya dini. Mashairi yanazaaje hesabu?

Malenga, swali lako ndilo nililolipenda kuliko yote.

Wewe ukitunga shairi la mizani 16, nane kwa nane, kila mizani ni sawa na mwenzake. Unahesabu, umemaliza. Kisanskriti hakikubali hivyo. Kina silabi fupi na silabi ndefu, na ndefu huchukua muda wa fupi mbili. Wimbo wa Gayatri, ambao Mhindu mcha Mungu huukariri alfajiri, una vipande vitatu vya silabi nane nane, kipande kimoja urefu wa kipande cha utenzi. Sasa jiulize: silabi nane, kila moja ama fupi ama ndefu, zinapangika kwa namna ngapi? Ni 256. Kwa mshororo wako wa mizani 16 zingekuwa 65,536.

Pingala, aliyeandika juu ya bahari za mashairi karne chache kabla ya Kristo, alitoa njia ya kuziorodhesha zote bila kuruka hata moja, na njia ya kujua mpangilio fulani ni wa ngapi kwenye orodha bila kuiandika orodha nzima. Ukifuata hatua zake unajikuta unagawa kwa mbili, unatazama kama kuna salio au hakuna, unaandika alama moja kati ya mbili. Ndiyo hesabu ya kompyuta yako, ingawa yeye alitaka tu kujua nyimbo zinaweza kutembea kwa miguu mingapi. Mfafanuzi wake wa karne ya 10, Halayudha, akachora pembetatu ya namba inayoonyesha ni mipangilio mingapi ina silabi ndefu moja, mbili, tatu. Waliiita ngazi ya Meru, kwa jina la mlima mtakatifu. Shuleni tunaiita ya Pascal, Mfaransa wa karne ya 17.

Kuna na swali la pili. Usihesabu silabi, hesabu muda. Ukiwa na muda wa mapigo manne, silabi fupi (pigo moja) na ndefu (mapigo mawili) zinaujaza kwa njia tano. Mapigo matano, njia nane. Sita, kumi na tatu. Kila jibu ni jumla ya mawili yaliyolitangulia, kwa sababu mshororo unaishia ama na fupi ama na ndefu. Hemachandra, mtawa wa Ujaini, dini nyingine ya kale ya India, alilieleza hilo kwenye miaka ya 1150, na Virahanka alikwishamtangulia. Mwaka 1202 Leonardo wa Pisa, anayejulikana zaidi kama Fibonacci, ambaye tarakimu za Kihindi alijifunza Bejaia, pwani ya Algeria ya leo, akauweka mfululizo huohuo kwenye fumbo la sungura. Dunia ikampa yeye jina.

Kuhusu ukariri wenyewe: Veda zilihifadhiwa kwa vinywa, na ili neno lisipotee walizisoma kwa kuzifuma. Maneno matatu, tuyaite a, b, c, husomwa hivi: a b, b a, a b c, c b a, a b c. Halafu unasogea neno moja, unaanza upya. Kosa likiingia linajifichua lenyewe. Aliyehifadhi Kurani kwa sauti atauelewa wasiwasi huo haraka kuliko profesa wa hisabati.

Kwa nini shanga za Wahindu ni 108? Mwalimu wangu wa yoga hapa Arusha anasema ni kwa sababu jua liko mbali mara 108 ya kipenyo chake.

Umbali wa jua kweli ni karibu mara 107.5 ya kipenyo chake, na wa mwezi karibu mara 110 ya kipenyo chake. Ila kwamba wazee waliochagua 108 walijua hilo, sijaona andiko. Maelezo ya karibu zaidi yapo: falaki ya Kihindi ina vituo 27 vya mwezi, kila kimoja kina robo nne, na 27 mara 4 ni 108. Pia ni 12 mara 9, na inagawanyika kwa namba nyingi, jambo linalomfaa mwenye kukariri dua kwa mafungu. Shanga kubwa ya 109 haihesabiwi. Ukiifikia unageuza.

Ikitokea hesabu imepingana na maandiko, wanahisabati wa India walifuata nini? (Msomaji, Bukavu)

Walifuata hesabu, lakini si wote waliosema kwa sauti.

Chukua kupatwa kwa jua na mwezi. Simulizi za kidini zinasema jitu Rahu, aliyebaki kichwa tu, ndiye huvimeza. Mwaka 499 Aryabhata, akiwa na umri wa miaka 23, aliandika wazi kwamba mwezi hulifunika jua, na kivuli cha dunia huufunika mwezi. Akasema pia dunia ndiyo inayozunguka na nyota zinaonekana kwenda nyuma, kama aliye kwenye mashua anavyoona miti ya ufukweni ikirudi alikotoka. Akagusa na penye moto zaidi: zile zama nne za dunia. Mapokeo yanazipa urefu tofauti, miaka 1,728,000, kisha 1,296,000, kisha 864,000, kisha 432,000. Aryabhata alichukua jumla yao, 4,320,000, akaigawa sawa kwa nne.

Brahmagupta, huyuhuyu wa sifuri, alimshambulia kwa kuyaacha mapokeo. Alimtetea hata Rahu. Halafu, kurasa za mbele, akakokotoa kupatwa kwa kivuli kama Aryabhata! Aliyemshika uongo ni Al-Biruni, mwanachuoni Mwislamu aliyejifunza Kisanskriti na kuandika kitabu kizima juu ya India kwenye mwaka 1030. Alimnukuu, akamlaumu vikali kwa kusema jambo na kutenda lingine, kisha akalegeza: pengine mtu huyu aliogopa yasije yakamkuta ya Sokrates, Mgiriki aliyehukumiwa kifo kwa mafundisho yake. Nilipoisoma mara ya kwanza niliona mtu wa dini moja akimwonea huruma mtu wa dini nyingine kwa shida wanayoijua wote wawili.

Makuhani walihitaji pai yenye desimali ngapi? (Mwanafunzi, Dodoma)

Mbili tatu zingewatosha. Ndiyo maana Kerala inanishangaza.

Huko, kuanzia karne ya 14, kulikuwa na mlolongo wa walimu na wanafunzi, wengi wao Wabrahmini wa Kinambudiri wa ukoo uleule wa imani uliofanya ibada ya Panjal. Mwanzilishi wao ni Madhava, aliyeishi takriban kati ya 1340 na 1425. Nilakantha, aliyekuja baadaye, alibeba jina la Somayaji, yaani mtu aliyekwisha kutoa sadaka ya soma, kinywaji kitakatifu cha ibada ya Veda. Kalenda ya ibada ilihitaji mahali halisi pa mwezi na sayari, na mahali hapo hupatikana kwa hesabu za duara. Kwa hiyo ibada iliwapeleka kwenye duara. Udadisi ndio uliowabakiza huko. Madhava alipata pai kwa mfululizo usioisha wa sehemu, jambo ambalo Ulaya ililifikia karne ya 17.

Na matokeo yake aliyaweka katika ubeti. Unasema: miungu, macho, tembo, nyoka, mioto, tatu, sifa, Veda, vituo vya mwezi, tembo, mikono. Msikilizaji anajua miungu ni 33, macho mawili, tembo ni wanane walioubeba ulimwengu pande zake nane, nyoka wanane, mioto ni mitatu (ileile ya Sulbasutra), sifa za maumbile ni tatu, Veda nne, vituo vya mwezi 27. Sasa soma kutoka mwisho kurudi mwanzo: 2, 8, 27, 4, 3, 3, 3, 8, 8, 2, 33. Yaani 2,827,433,388,233, mzingo wa duara lenye kipenyo cha 900,000,000,000. Gawanya upate 3.14159265359, sahihi hadi desimali ya kumi na moja. Hakuna madhabahu duniani inayohitaji usahihi huo.

Jirani zangu Nairobi ni Wajaini. Mzee wao aliniambia dini yao ilihesabu aina kadhaa za kutokuwa na mwisho. Alikuwa anatania?

Hakutania. Wajaini, hao wenye hekalu la marumaru nyeupe Mombasa, waligawa namba makundi matatu: zinazohesabika, zisizohesabika, na zisizo na ukomo. Kila kundi wakaligawa tena. Kutokuwa na ukomo nako wakakutofautisha: kwa upande mmoja, kwa pande mbili, kwa eneo, kila mahali, na kwa wakati wote.

Ili waeleze namba kubwa inayohesabika walitumia mashimo. Fikiria shimo lenye upana wa bara zima lililojazwa mbegu za haradali, halafu mbegu zinadondoshwa moja kisiwani, moja baharini, kisiwa baada ya kisiwa, hadi ziishe, ndipo unachimba shimo jipya kubwa kama ulikofikia. Kwa wakati walikuwa na kipimo kingine: shimo la manyoya laini ya kondoo, unatoa unyoya mmoja kila miaka 100. Wana na namba ya wakati yenye tarakimu 194, ambayo ni 8,400,000 ikizidishwa kwa yenyewe mara 28.

Wengi hukimbilia kusema walimtangulia Cantor, Mjerumani wa karne ya 19. Hapana. Cantor alithibitisha kwamba ukomo mmoja unazidi mwingine, Wajaini walitamka na kupanga. Sababu yao ilikuwa ya imani: roho zinakombolewa na kuondoka duniani tangu milele, mbona dunia haijaisha watu? Jibu lao ni kwamba roho hazina ukomo, unaweza kupunguza bila mwisho na zikabaki. Swali hilo halina utani hata kidogo.

Kituo cha masomo ya ziada hapa Dar kinamfundisha mwanangu "hesabu za Veda". Sisi ni Walokole. Nimtoe?

Mwache amalize muhula, mama. Hizo "hesabu za Veda" zinatoka kwenye kitabu kilichochapishwa mwaka 1965, cha Bharati Krishna Tirtha, kiongozi mkuu wa kidini wa Puri aliyefariki 1960. Alisema kanuni zake 16 alizipata kwenye nyongeza ya Atharvaveda. Wataalamu wamezitafuta wasizione, na mhariri wa kitabu chenyewe alikiri hazimo kwenye matoleo yanayojulikana. Veda za kweli zina hesabu, tumeziona hapo juu kwenye madhabahu, ila si hizi.

Mbinu zenyewe ni nzuri. 97 mara 96: ya kwanza imepungukiwa 3 kufika 100, ya pili 4. 97 ukitoa 4 ni 93. 3 mara 4 ni 12. Jibu 9,312. Ni aljebra ya kidato cha kwanza iliyovaa kanzu. Kinachoniudhi ni kwamba jina hilo la kuuzia linafunika kazi ya Baudhayana na Madhava, ambao hawakuhitaji kusingiziwa kitu.

Shikamoo. Niko kidato cha sita, Iringa. Ramanujan alipewa majibu na mungu wake kweli?

Marahaba mwanangu. Yeye aliamini hivyo. Srinivasa Ramanujan, mwanahisabati wa India aliyezaliwa 1887 na kukulia Kumbakonam, mji wa mahekalu, alisema Namagiri, mungu wa kike wa familia yao huko Namakkal, humletea mambo ndotoni. Hata ruhusa ya kuvuka bahari kwenda Cambridge mwaka 1914, jambo lililokuwa mwiko kwa Brahmini, husimuliwa kwamba ilitokana na ndoto aliyoota mama yake.

G. H. Hardy, mwanahisabati aliyekuwa mwenyeji wake Cambridge, hakuamini Mungu, naye aliandika kwamba dini ya Ramanujan ilikuwa suala la kushika desturi, si la kusadiki kwa akili, na kwamba aliwahi kumwambia dini zote anaona zina ukweli unaolingana. Rafiki yake Mahalanobis ana kumbukumbu tofauti: Ramanujan akieleza sifuri kuwa ndiyo Uhakika usio na sifa, ukomo usiofikiwa kuwa wingi wote wa yaliyomo, na mbili hizo zikizidishana hazizai namba moja bali namba zote, kila moja tendo lake la uumbaji. Huenda wote wawili walisema kweli. Mtu humwambia kila rafiki kile anachoweza kupokea.

Lakini kumbuka hili ukiwa chumba cha mtihani: katika barua zake za 1913 baadhi ya madai yake kuhusu namba tasa hayakuwa sahihi. Hardy aliyagundua kwa kudai uthibitisho. Andika hatua zako.

Huku Tanga waganga huandika miraba ya namba kwenye hirizi. Wahindi wanayo? (Msomaji)

Wanayo. Khajuraho, kwenye hekalu la Kijaini la Parshvanatha lililojengwa karne ya 10, umechongwa huu:

7 12 1 14
2 13 8 11
16 3 10 5
9 6 15 4

Jumlisha mstari wowote, wa kulala au wa kusimama, unapata 34. Mishazari pia. Kona nne, 34. Namba nne za katikati, 34. Ukate vipande vinne vya mbili kwa mbili, kila kimoja 34. Wa hirizi za pwani ulio maarufu ni wa tatu kwa tatu wenye jumla ya 15, na wote hao ni ndugu, walisafiri na falaki kutoka bandari hadi bandari.

Kama unapendelea matumizi yasiyo na jini: katika karne ya 6 Varahamihira aliutumia mraba wa nne kwa nne wenye jumla ya 18 kuchanganyia manukato. Kila chumba kina kiungo chake na vipimo vyake. Unachagua viungo vinne vya mstari mmoja, unapata vipimo 18, na harufu tofauti kila mara.